Matone ya Dirishani

Jirani yangu, mpishi wa hoteli hapa Malindi, alipewa na mgeni chombo cha kioo cha kutengenezea kahawa bila moto. Akakitundika dirishani, maji yakawa yanaidondokea kahawa tone tone kutwa nzima.

Juzi nikiwa kwake, mama wa nyumba ya pili aliingia bila hodi, bakuli la uji mikononi.

“Nani katundikiwa dripu humu?”

“Hakuna mgonjwa, mama. Ni kahawa.”

“Usinifiche, mwanangu. Hata ugonjwa wa marehemu mume wangu nilifichwa hivi hivi.”

Jirani akammiminia kikombe. Mama akaonja, akashtuka, akampapasa mpishi kipaji cha uso.

“Kahawa baridi? Basi unaumwa. Kunywa uji.”

Mpishi aliunywa wote. Nami tangu siku hiyo, tone likichelewa kuanguka, moyo hunidunda.