Dobi na Nyumba ya Serikali

Wifi yangu, mke wa kaka, ni dobi. Tangu usichana wake anafua na kupiga pasi nguo za watu, na kazi hiyo imemtia adabu moja isiyomtoka: kitu cha mtu lazima kirudi kama kilivyokuja. Kabla ya kugusa shati la mteja hukausha mikono kwanza, na pumzi huibana, utadhani shati litaamka.

Basi serikali ikajenga nyumba kwa fedha za umma, kwa ajili ya familia za kipato cha chini, naye akapata moja ghorofani. Vyumba viwili, jiko, na maji ya bomba ndani. Mimi nilipiga vigelegele hadi sauti ikanikauka. Walikuwa wametoka kwenye chumba kimoja kinachovuja, ambako watoto walikohoa kila msimu wa mvua, na hakuna aliyetaka kurudi huko. Lakini wifi aliingia katika ile nyumba kwa woga, na woga wenyewe haukuisha.

Hakupigilia hata msumari mmoja ukutani. Alipikia nje, nyuma ya jengo, moshi usije ukaigusa dari. Vitanda vilivyokuja na nyumba vilibaki kwenye nailoni za kiwandani. Wao walilala chini kwenye mkeka, na kukicha mkeka ukakunjwa. Watoto walifundishwa kutembea wamekumbatia mikono ili wasiguse kuta. Kaka, dereva wa lori, akirudi safari alivulia viatu kwenye ngazi kama mgeni.

"Wifi, sasa utaishi lini?" nilimuuliza.

"Kwani ni yangu? Ya serikali hii. Nikiiharibu wataichukua."

"Umekuwa mlinzi wa makumbusho!"

Hakucheka.

Kisha tukasikia wakaguzi wanapita. Wapo waliopewa nyumba wakazipangisha kwa wenye uwezo, au wakazifunga tu, huku maskini wenzao wakisubiri. Nyumba asimoishi mwenyewe inachukuliwa, anapewa mwingine. Nilipofika kwenye jengo lao, mlango mmoja wa chini ulikuwa umeshabandikwa karatasi nyekundu: nyumba imechukuliwa. Nilipanda ngazi mbiombio kumwonya wifi, nikamkuta amepiga magoti anasugua sakafu.

"Nimesikia wanakuja," akasema, macho yamemtoka. "Nimeshatoa kila kitu. Masufuria, mabegi ya nguo, vyote nimepeleka kwa jirani. Wakute pasafi."

"Wewe mwanamke, umerogwa? Virudishe haraka!"

Mlango ukagongwa.

Mkaguzi alikuwa mtu mzima, ana mkoba begani na uchovu usoni. Aliingia jikoni, akapitisha kidole juu ya jiko la gesi ambalo halijawahi kuwashwa. Akafungua kabati, tupu. Akaingia chumbani, akatazama nailoni za vitanda.

"Mama, nani anaishi hapa?"

"Sisi, baba."

"Sufuria ziko wapi? Nguo ziko wapi?"

"Hatujaharibu kitu, baba. Angalia mwenyewe. Iko vilevile kama mlivyotukabidhi."

Kila neno lilikuwa linamzamisha, na yeye anaona anajiokoa. Nikaingilia: "Bwana, huyu anaogopa tu."

"Wewe unaishi hapa?"

"Hapana, mimi wifi yake."

"Basi nyamaza."

Akaingiza mkono mkobani, akatoa karatasi nyekundu. Akilini niliwaona watoto wamerudi kwenye kile chumba cha zamani, wanakohoa.

Kitinda mimba alikuwa amejibanza nyuma ya mama yake. Nilisikia maji yanadondoka. Mtoto alijikojolea kwa hofu, mkojo ukatambaa kwenye ile sakafu hadi kwenye kiatu cha mkaguzi. Wifi akapiga ukelele, akavua kitambaa cha kichwani, akajitupa chini kufuta.

"Nisamehe, baba! Ni mtoto! Haitabaki alama, nakuapia, msitutoe!"

Mkaguzi, karatasi mkononi, akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Mwanangu, wewe unalala wapi?"

Mtoto akanyoosha kidole chumbani, kwenye kona ya sakafu. "Pale. Kitandani haturuhusiwi."

Mkaguzi akainamisha kichwa. Alipoinuka, alirudisha karatasi mkobani.

"Mama, sikuja kukagua sakafu. Nilikuja kuona kama mnaishi. Toeni hizo nailoni, mlale vitandani. Nyumba ni yenu."

Akatoka. Nilikaa chini palepale, nacheka na kulia kwa pamoja. Wifi alikuwa bado anafuta, mahali palipokwisha kukauka zamani.

"Umesikia, wifi? Ni yenu!"

"Nimesikia," akasema, bila kuinua kichwa. "Amesema watakuja kuichukua lini?"