Nilivyochagua Kitabu cha Mapishi Yasiyo na Nyama kwa Mama Mkaguzi

Kosa langu la kwanza katika upishi wa majumbani lilikuwa kununua kitabu kwa sababu ya unene wake. Nalitaja mapema lisije likanisumbua wakati naandika, maana mimi ni mtu wa wasiwasi: chumvi naionja, naionja tena, kisha namwita mtu mwingine aionje. Wadogo zangu mnaoanza kazi hii hapa Bariadi mmeniuliza mara nyingi kitabu cha mapishi huchaguliwaje. Niliacha kupikia watu majumbani ningali kijana, lakini jibu ninalo, na nikiikumbuka ile Jumamosi moyo bado unanidunda kwa furaha.

Sikusomea upishi. Nilianzia kantini ya kiwanda cha kuchambulia pamba kule Kasoli, chini ya Mpishi Mkuu, aliyenifundisha kujua maji ya ugali yako tayari kwa kusikiliza tu yanavyochemka. Nikahamia hosteli ya wanafunzi Binza, kule Maswa, chini ya Matroni, aliyeamini maharage huiva kwa kugombezwa. "Koleza moto wewe! Yamekuona mpole hayo!" Huko ndiko nilikoanza kuazima vitabu na kujifundisha mwenyewe. Kituo changu cha tatu kilikuwa nyumba ya Mama Mkaguzi, hapa mjini.

Alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, Msabato, na jikoni kwake hapakuingia nyama, samaki wala dagaa. Siku ya kwanza alinionyesha majiko yake mawili ya mkaa na hotipoti zake, akaniambia, "Ijumaa jua likizama, kupika kumeisha. Jumamosi tunapasha tu. Umeelewa, kijana?"

"Nimeelewa, Mama."

Sikuwa nimeelewa. Aliponituma kununua kitabu kimoja kamili cha mapishi yasiyo na nyama, cha kututosha nyumbani, nilikuta dukani viwili. Kimoja kilikuwa cha kijani, kinene, kimejaa mapishi ya dunia nzima na picha zinazong'aa. Kingine kilikuwa na jalada la kahawia, bila picha hata moja. Nilichukua cha kijani, nikakibeba kifuani kama mtoto mchanga.

Nilipokifungua jikoni nikaanza kutoka jasho. Kila baada ya kurasa chache kilitaka oveni, jibini, uyoga wa kopo. Lakini mimi nikianza jambo siliachi. Ijumaa nikaoka pai ya mboga, makaa chini na makaa juu ya mfuniko wa sufuria. Ilitoka nzuri mno! Niliizunguka nikiitazama pande zote. Jumamosi mchana nikafunua hotipoti, nikaikuta imelowa na kulegea kama godoro lililonyeshewa.

Mama Mkaguzi akaonja, akaweka uma chini taratibu. "Kijana, hiki jana kilikuwa chakula."

Nilikimbilia stoo nikalia. Alinifuata huko huko, si kunifariji, bali kunipa habari. Baba wa binti aliyechumbiwa na mtoto wake wa mwisho alikuwa anakuja kutoka Ipililo kuiona nyumba atakayoolewa bintiye. Angefika Jumamosi iliyofuata.

"Mzee yule ana zizi," alisema. "Kwao mgeni wa namna hiyo huchinjiwa. Siwezi kuchinja, na siwezi kupika siku ya Sabato. Akiondoka hapa akiona amedharauliwa, mtoto wangu hana mke. Rudi dukani, kabadilishe hicho kitabu. Na uchague ukiwa na njaa."

Nilirudi kweli na njaa. Safari hii sikugusa picha. Nilianza na dengu, kwa sababu dengu ndizo zinazojaa kwenye magunia yetu huku Simiyu. Kitabu cha kijani kilisema fungua kopo. Cha kahawia kilianza na dengu kavu: ziloweke siku moja kabla, zichemshe mpaka ukiibana moja kwa vidole ipasuke laini. Moto wake ulikuwa wa mkaa. Nikageuza nyuma kwenye faharasa, ile orodha ya mwisho inayokuonyesha kila kitu kiko ukurasa gani, nikakuta imepangwa kwa vyakula: choroko, dengu, karanga, kunde. Maana yake unaanza na ulicho nacho stoo, ndipo unatafuta pishi. Halafu, chini ya dengu za karanga, nikasoma kwamba zikilala zinakolea zaidi. Nilipiga kelele humo dukani.

Muuzaji akashtuka. "Vipi, umeokota hela?"

"Zinakolea zikilala, kaka! Zinakolea!"

"Haya. Chukua uondoke, unanitishia wateja."

Ijumaa ile nilipika nikiimba. Dengu nzito za karanga. Wali wa choroko. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, nikaipika mpaka ikawa laini. Nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa juani, nikayaunga kwa mafuta ya pamba, vitunguu na ndimu. Jua likazama nikiwa nimeshaosha mwiko.

Jumamosi mzee alifika na fimbo yake. "Mwadila," akasalimu kwa Kisukuma, akaketi, akatazama bakuli moja baada ya jingine. "Mkwe, ng'ombe wenu wamekufa wote?"

"Hatuli nyama, namhala, mzee wangu," alisema Mama Mkaguzi. "Hata mgeni tunayempenda hatumchinjii."

"Niliambiwa hivyo. Kwamba binti yangu anakwenda kuishi na watu wanaokula majani."

Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jiko. Mzee akachota dengu, akatafuna. Akachota tena. Kisha akasema, "Mwiteni aliyepika."

Nilitoka kama mtu anayeitwa polisi.

"Hizi ni dengu?"

"Ndiyo, baba. Dengu."

"Mimi nalima dengu." Akageuka kwa Mama Mkaguzi. "Nalima tangu kijana. Nazijaza kwenye magunia, lori linakuja linazichukua. Nyumbani tunachemsha kidogo tu, za watoto. Nikawa najiuliza, hawa wanaozinunua wanazifanyia nini?" Akacheka mpaka fimbo ikaanguka. "Kumbe wanafanya hivi! Wabeja, asante sana, kijana. Niongezee, na uweke za kumpelekea mama yake binti, maana nikimsimulia hataamini."

Mama Mkaguzi akashusha pumzi ambayo nadhani aliibana wiki nzima. Kabla hotipoti hazijafungwa, mzee alikuwa ameshataja siku ambayo wazee wake watakaa kuzungumza mahari.

Nilipika pale mpaka harusi ikapita, nikaondoka kwa heri. Sasa nina mgahawa wangu mdogo, na wasiwasi bado ninao, sidanganyi. Ila nikishika kitabu cha mapishi siku hizi sitazami unene wala picha. Nafungua penye dengu, nasoma zitakuwaje kesho yake, ndipo nalipa.