Bi Valvu hatumi tena mabomba matupu

Ofisi ya maji haijafagiliwa, naye keshakaa. Bi Valvu, ndivyo mafundi wanavyomwita, anavua viatu chini ya meza na kuwasha kompyuta. Kwenye kioo yanatokea madoa na mistari: kila doa ni valvu, kila mstari ni bomba.

Mchana, fundi wa ng'ambo ya mji atafunga bomba kubwa. Kabla ya hapo lazima afungue valvu ya akiba inayopeleka maji wodi ya wazazi. Valvu hiyo hufunguka kwa kulia, tofauti na nyingine zote.

"Mwaka jana fundi aliizungusha kushoto, akadhani amefungua, kumbe amekaza," anasema Bi Valvu. "Wakunga waliogesha watoto kwa maji ya ndoo."

Fundi huyo hakuwa mzembe. Ofisi ilizoea kutuma faili la safu mbili tu: valvu hii imeungana na ile. Ni faili jepesi, linafunguka popote. Lakini unene wa bomba, upande wa kufungulia, anayeshika ufunguo, vyote vilibaki nyuma. Ni kama kurithi picha ya ukoo: unaona nani kasimama na nani, hujui yupi ni shangazi.

Lipo faili jingine linalobeba kila kitu, ila linafunguka kwa programu ya ofisini tu, na fundi hana programu hiyo. Basi Bi Valvu amechagua faili la aina ya GraphML. Hilo ni la maandishi, programu nyingi hulisoma, na kila valvu hutembea na sifa zake.

Anabonyeza kuhifadhi. Linagoma.

"Mama, tuma la zamani," anasema msimamizi wake, kainama begani. "Watu wanasubiri."

"Watasubiri wakiwa wameoga."

Anapekua. Kumbe kwenye valvu ya wodi, penye ufunguo, ameandika watu wawili mahali pamoja, na faili hili linataka kila nafasi iwe na jibu moja.

"Futa mmoja, basi."

"Nimfute nani? Wa kwanza ana cheo, wa pili ndiye anayepokea simu."

Msimamizi anacheka, anavuta kiti. Bi Valvu anatenga nafasi mbili: ufunguo wa kwanza, ufunguo wa pili. Safari hii linakubali. Bado hatumi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Analifungua kwanza kwenye kompyuta ya jirani, anakagua valvu moja moja. Hakuna iliyopungukiwa. Ndipo anatuma.

Mchana simu inaita. Ni fundi.

"Shangazi, hii ya wodi ni kulia kweli?"

"Faili linasemaje?"

"Kulia."

"Sasa unaniuliza mimi nini? Na ufunguo?"

"Wa kwanza hapatikani. Wa pili huyu hapa, ananitazama."

Chuma kinalia. "Maji yanapita, Shangazi."

Bi Valvu amebakiza miaka miwili astaafu. Mpango wake ni kuhamisha mafaili yote ya zamani kwenda GraphML, mtaa kwa mtaa, na kuzijaza sifa zilizopotea kwa kwenda kuzitazama valvu zenyewe.

"Siku nikiondoka," anasema akitafuta viatu kwa miguu, "asiwepo wa kunipigia simu."