Kaseti ya Kupeleka Kabambare

Nilisikia kabla sijaona: mlio mwembamba, kama wa nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa, ukapanda, ukapanda, halafu ukakatika kwa kishindo kidogo. Nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya fundi redio mmoja huko Kindu, nikingoja mvua ipungue, na mlio ulitoka nyuma ya pazia lake. Sikuhitaji kuinua pazia. Ulikuwa mlio wa kaseti ya video inayorudishwa mwanzo, mlio ambao watoto wa siku hizi hawaujui, nao ukanirudisha sebuleni kwetu Kasongo, katika msimu wa mvua ambao nyumba yetu ilifiwa na hakuna aliyelia.

Baba yangu, Ramazani, alikuwa mtu wa kaseti. Ndivyo walivyomwita mjini, kama wengine walivyoitwa watu wa chumvi au watu wa mafuta ya mawese. Wakati ule harusi zilikuwa zimeanza kupigwa kwa kamera ndogo za kidijitali, na picha zilikuja kwenye diski zinazong'aa. Lakini Kabambare na vijiji vya njiani, mwenye televisheni alikuwa bado na mashine ya kaseti, na diski kwake ilikuwa kitu cha kutundika shambani ili ndege waogope. Kwa hiyo watu walimletea baba diski, naye aliwarudishia kaseti.

Niwaambie ukweli, kaseti zake hazikuwa nzuri. Alinakili kwa mwendo wa polepole ili harusi tatu zienee katika kaseti moja, tena juu ya kaseti kuukuu iliyokwisha kufutwa mara nyingi, na bibi harusi alitoka na mistari usoni huku mvua nyeupe ya kwenye kioo ikimnyeshea mbele ya shehe au padri. Hakuna aliyelalamika. Watu walitaka kujiona, na walijiona.

Kisha ikaja diski ya baba mdogo Amisi.

Amisi alikuwa mdogo wake baba, ndugu yake wa pekee, na alikuwa Lubumbashi akitafuta maisha. Kifua kilikuwa kinamsumbua. Rafiki yake alimpiga picha kwa kamera, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya ukuta wa buluu, amevaa koti lililomzidi mabega. Nilidhani koti ni la kuazima. Alimsalimu mama yake, yaani bibi yangu wa Kabambare, akamwambia anakula vizuri, akamwomba asimchinje jogoo mwekundu mpaka yeye arudi. Halafu akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akaangalia pembeni mpaka kikaisha. Basi, hayo tu. Lakini huko Kabambare simu zilikuwa hazijafika, na bibi alikuwa hajaiona sura ya mwanawe tangu nikiwa mchanga. Aliposikia kwamba sura hiyo iko Kasongo, ndani ya diski, alituma salamu kwa kila pikipiki: aletewe kaseti, mwalimu jirani yake ana televisheni.

Baba aliinakili mchana mmoja, kwa desturi yake, akaifunga kwenye mfuko wa plastiki, tayari kumpa dereva. Simu ikalia. Alitoka nayo uani, akasimama chini ya mchirizi wa paa bila kuona kwamba analowa. Aliporudi, alifungua ule mfuko, akaitoa kaseti na kuikodolea macho.

"Hii haiko muzuri," alisema. "Nitaifanya tena."

Simu ile ilileta habari kwamba Amisi amekufa na amekwisha kuzikwa. Mimi sikuambiwa. Kwetu habari ya kifo haitumwi kwa mama wa marehemu kama salamu. Mtoto wake mkubwa huipeleka mwenyewe pamoja na wazee. Wanafika alfajiri, wanamkalisha chini, wanawake wakiwa tayari kumshika. Mpaka hapo, hakuna ruhusa ya kulia mahali pengine, kwa sababu kilio kina miguu. Mama mmoja akilia Kasongo leo, wauza samaki watakifikisha Kabambare kabla ya mwenye habari. Kwa hiyo mama yangu alinyamaza. Alivua hereni zake, akaziweka kwenye kikombe. Kila asubuhi alikwenda mtoni na kurudi na macho mekundu, nami nikadhani ni sabuni.

Baba naye alifanya kazi. Sijawahi kumwona akifanya kazi namna ile. Alinunua kaseti mpya, akaipeleka mpaka mwisho na kuirudisha mwanzo kabla ya kuandika chochote ndani yake, ili mkanda ulegee. Alifungua mashine na kusafisha kichwa chake kwa kitambaa laini kilicholoweshwa spiriti, taratibu, kama anayemnawisha mtoto macho. Nyumba nzima ikanuka dispensari. Aliacha ule mwendo wa polepole, akatumia mwendo wa kawaida, ambao unakula mkanda lakini unashika hata nyuzi za nguo. Alibadilisha nyaya. Jenereta, ambayo sisi tuliiita grupe, aliihamishia nyuma ya jiko na kuitolea mafuta machafu, kwa sababu ikikohoa kidogo tu, picha inatetemeka. Na kila jaribio alianzia kwenye diski yenyewe. Alinieleza kwamba ukinakili nakala, mtu anafifia kila mara, mpaka mwisho unabaki na kivuli kinachoongea.

Nilikuwa macho yake ya pili. Nilijivuna sana. Watoto wengine walikuwa wakichunga mihogo isiliwe na mbuzi, mimi nilikuwa nikilinda bega la baba mdogo.

"Zuhura, angalia pale ku bega. Unaona mustari?"

"Sioni, Baba."

"Angalia muzuri."

"Basi, nauona."

Sikuuona. Lakini alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo, akaanza upya. Amisi alicheka tena mbele ya ukuta wa buluu, akakohoa tena, akaomba tena jogoo asichinjwe. Mvua ilinyesha juu ya mabati na baba akasema kelele zake zimeingia kwenye sauti. Hazingeweza kuingia, sauti ilipita ndani ya waya. Hata mimi nilijua.

Mama alimwambia siku moja, akiwa mlangoni na ungo wa mchele, kwa sauti ya chini:

"Baba Zuhura, utafanya hii kazi mpaka lini? Mama yako anangojea."

"Picha haijatoka."

"Ni picha njo inakuzuia kweli?"

Baba alichovya kitambaa tena kwenye spiriti. Aliendelea kupangusa mahali palipokwisha kung'aa.

Shabani, dereva wa pikipiki wa njia ya Kabambare, alikuja akiwa na matope mpaka kwenye nyusi. Hakujua lolote. Alikaa kizingitini, akamimina maji kutoka kwenye buti zake.

"Mama yako anauliza kama hiyo kaseti unaipika," alisema. "Anasema hata maharagi ingekuwa imeiva."

"Mwambie wiki ijayo."

"Ile wiki nyingine nilimwambia hivyo. Sasa mimi njo naitwa muongo kule, na wewe uko hapa na shati yako nyeupe."

Mimi nilicheka. Baba alicheka pia, kisha akainama haraka kwenye waya zake.

Shabani aliporudi tena, alikuwa na mtu nyuma yake. Bibi alishuka kwenye pikipiki kwa shida, amejifunga turubai juu ya kitenge, miguu imekakamaa kwa njia ile mbaya. Aliniona mimi kwanza.

"Mukemwenza," alisema, maana babu alizoea kunitania kuwa mimi ni mke wake mdogo, "bado tu uko mwembamba? Babu yako aliniahidi mwenzangu wa kunisaidia kutwanga, akaniletea unyoya."

Alikataa chakula, akakataa hata kubadili nguo. Aliketi kwenye mkeka mbele ya televisheni na kusema kwamba yeye hakupanda pikipiki kwa ajili ya wali. Shabani alikwenda kutafuta chai sokoni. Baba aliwasha grupe, akaingiza kaseti.

Amisi akatokea. Sijapata kuona kaseti safi kama ile. Nyufa za rangi ukutani zilionekana, jasho juu ya mdomo lilionekana, na koti lile lilionyesha wazi kwamba si la kuazima: lilikuwa lake, ila mwenye koti alikuwa amepungua. Bibi aliangalia mpaka kwenye jogoo. Baada ya hapo hakuangalia tena kioo. Alimwangalia baba, aliyekuwa akiangalia kioo.

"Iko safi," alisema ilipokwisha. "Ile ya harusi ya Mwajuma ulituletea na mvua kila mahali, bwana harusi hatukumwona hata pua. Hii ya ndugu yako umeiosha mpaka iko kama maji ya kisima." Akamwita baba kwa jina. "Ramazani, alikufa lini?"

Baba alikaa chini palepale alipokuwa, kati ya nyaya. Mama alitoka jikoni akiwa na mikono yenye unga.

"Nani amekuambia?" baba aliuliza.

"Wewe."

Nilingoja bibi alie. Hakulia. Alifunga upya kitenge chake, akachukua turubai lake lililolowa.

"Habari ya namna hii inamfuata mama kwake. Mimi nimeifuata ku barabara, nyuma ya Shabani, na tukacheka naye njia yote."

"Mama, ngoja nikupeleke."

"Usinipeleke. Tafuta wazee, mukuje nyuma yangu. Fikeni alfajiri, munikalishe chini, uniambie kama vile sijui kitu. Nami nitalia kama vile sijasikia."

Hakuichukua kaseti, na baba hakuthubutu kumpa.

Miaka mingi niliwasimulia watu kwamba baba yangu alijua kutengeneza nakala nzuri kuliko mtu yeyote wa Maniema ya kusini, na nilisimulia kwa majivuno. Nilikuwa nimekwisha kuzaa ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa akitafuta picha safi. Alikuwa akitafuta siku moja zaidi ambayo mama yake bado ana watoto wawili. Na hata hapo nilikuwa bado sijaielewa safari ya bibi ya kurudi kwake: njia yote ile ya matope, mwanawe akiwa amekufa kifuani mwake, akijibu utani wa dereva, akiyazuia machozi ili mwanawe mwingine asikose heshima ya kumletea habari.

Pikipiki ilipiga honi nje. Bibi alinishika kichwa, akapita katikati ya nyaya bila kukanyaga hata mmoja, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake kwa mikono miwili, polepole, usilie.