Hili Nalo Ni Taka?

Jumamosi iliyopita nilimwita kijana wa guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, aje kunisafishia uwanja hapa Mikumi. Alifyeka majani, akazoa ndoo zilizopasuka na malapa yasiyo na wenzake, akajaza viroba vinne kabla chai yangu haijapoa. Kazi safi kabisa, sina la kulalamika. Ila muda wote nilikuwa nimesimama mlangoni nikisubiri aniulize swali moja, na hakuniuliza.

Swali lenyewe nililizoea utotoni, nyumbani kwa bibi yangu, Kilosa. Kila Jumamosi asubuhi tulikuwa tunaamshwa na mlio wa gurudumu la toroli lisilojua grisi, basi unajua mzee wa taka amefika. Zamani alikuwa kibarua wa reli, na kofia yake ya kaki hakuivua hata akiwa kivulini. Alikuwa na utaratibu wake: hagusi kitu mpaka mtu wa nyumba azunguke naye. Anainua kopo, anakugeukia, anauliza, "Hili nalo ni taka?" Ukiitikia ndipo linaingia torolini. Kijiti anauliza, gunzi la hindi anauliza. Majivu ya jikoni ndiyo aliyoyachukua kwa furaha, maana bibi alishampa ruhusa ayapeleke kwenye bustani yake ya mchicha, ng'ambo ya reli.

Jumamosi moja bibi alikuwa anachoma vitumbua, akanituma mimi nizunguke na mzee. Harufu ya iliki ilikuwa inanivuta pua, na wewe unajua njaa ya mtoto wa darasa la tatu. Tulipofika nyuma ya banda la kuku, mzee akainua chungu chenye ufa kilichojaa majivu. Akauliza swali lake. Sikutazama hata ndani. Nikamjibu, "Taka, babu," nikakimbilia jikoni.

Wiki mbili baadaye mvua za kwanza zilinyesha, na bibi akaenda nyuma ya banda kuchukua mbegu zake za maboga. Alizirithi kwa mama yake, kule Lumuma, na kila mwaka alizifukia kwenye majivu zisiliwe na wadudu. Hazikuwepo tena mahali popote. Nilimsikia akizungumza peke yake kwa Kisagara, na bibi akianza Kisagara ujue ameumia.

Jumamosi mzee alipobisha hodi, bibi alimwambia aende tu, uwanja wake atafagia mwenyewe, kwa sababu hawezi kumlipa mtu wa kumtupia mali ya mama yake. Nilikuwa nimeshika ufagio pembeni. Mzee alinitupia jicho mara moja, nikajua kwisha habari yangu. Lakini alisema tu, "Unisamehe, mama," akageuza toroli. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yanapata moto.

Jumamosi zilizofuata zilikuwa kimya. Bibi alifagia huku akishika kiuno, na vitumbua vikanishinda kula. Kila siku nilipanga kusema, na kila siku nikaahirisha.

Maboga yalipoanza kukomaa, asubuhi moja tukasikia lile gurudumu. Mzee aliingia na toroli limefunikwa jani la mgomba. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akafunua. Maboga matatu, yenye mistari ya kijivu na migongo mirefu, yale yale ya Lumuma. Alieleza kwamba yameota katikati ya mchicha wake, pale alipomwaga majivu, akaona ayarudishe kwa mwenyewe. Bibi akauliza ni nani alimwambia achukue chungu kile.

"Nilichukua mwenyewe, mama," alisema mzee. "Macho yamezeeka."

Hapo sikuweza tena. Nikasema, "Ni mimi, bibi. Babu aliuliza, nikamwambia taka."

Nilijiandaa kwa fimbo. Bibi hakuniangalia hata kidogo. Aliingia ndani, akatoka na kile kiti chake kizuri cha wageni, akampa mzee akae, akamwomba radhi mbele yangu. Halafu akanigeukia: kuanzia siku ile mpaka namaliza shule, kazi ya kuzunguka na toroli ni yangu. Boga la kwanza tulilipika kwa nazi, na mbegu wakagawana nusu kwa nusu.

Bibi hayupo sasa, mzee naye hayupo, na ile mistari ya kijivu sijaiona sokoni miaka mingi. Jumamosi ile, kijana wa guta alipokuwa anafunga kamba, nilishindwa kujizuia, nikamuuliza majivu huwa anayapeleka wapi.

Akakuna kichwa kwa heshima. "Majivu gani, mama? Si mnapikia gesi?"

Nilicheka, nikamwambia ni kweli. Kisha nikazunguka nyuma ya nyumba kuhakikisha kama kweli hakuna majivu, na uwanja ulikuwa mweupe, hauna kitu.