Nishike, Nishikie

Shemeji yangu si kiziwi. Naanza na hilo ili tusipotezeane muda. Anayetaka kuamini vinginevyo akaamini huko huko kwake, asije kunisimulia mimi hapa gatini ninapouza barafu, maana nitamfukuza hata kama amekuja na hela mkononi.

Amemwoa dada yangu mkubwa. Watu wanamwita Koleo kwa sababu ya viganja vyake: akikamata kitu, hakitoki mpaka atake mwenyewe. Kazi yake ni ubaharia katika boti ya kukodi, zile boti nyeupe zinazochukua wageni wachache, wanne au watano, kuwapeleka bahari kuu kutafuta samaki wakubwa. Jodari wanawafurahia, lakini hasa wanamtaka nduwaro, yule mwenye mdomo mrefu kama mkuki. Nahodha anakaa juu kwenye usukani. Chini, nyuma ya boti, anabaki Koleo na wageni, na wengi wao wakishafika huko nje hawajui tena hata kujifunga kamba za viatu.

Yeye ndiye anayefunga chambo, anayetupa mishipi, anayemshika mgeni mkanda asichomoke na samaki. Mwishoni kabisa, samaki akishasogea ubavuni mwa boti, Koleo huvaa glavu na kuushika kwa mikono ule waya wa mwisho ulio karibu na ndoana. Akiugusa tu, samaki anahesabiwa kuwa amevuliwa. Ndiyo sheria yao. Lakini mkono ule ule ukigusa fimbo ya kuvulia wakati mgeni bado anapambana, samaki hana mwenyewe tena. Ni kama hakuvuliwa na mtu. Wenye michezo yao wana sheria zao, mimi simo.

Kazi hiyo ni ya masikio kuliko ya misuli. Koleo akiwa ameushika waya amempa nahodha mgongo. Hamwoni. Nahodha akipiga kelele "achia!" na wewe usisikie, samaki anaondoka na mkono wako, pengine na wewe mzima. Ndiyo maana baharia akishaitwa kiziwi, hakuna boti itakayomchukua, si hii wala ile ya jirani. Atabaki nchi kavu na brashi ya kusugulia. Mwelewe hapo, kwa sababu hasira yangu yote imetoka hapo.

Siku ya mashindano boti ilikodiwa na marafiki wanne. Mkubwa wao wenzake wanamwita Mwenyekiti, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa chama chao cha uvuvi. Mtu wa kifua mbele, sauti ya kufungulia mikutano. Kabla hata boti haijaondoka alishatangaza gatini kwamba leo analeta nduwaro, tena atapigana naye amesimama, kile kiti cha mvuvi kule nyuma ni cha wagonjwa. Nilimuuzia barafu mimi mwenyewe. Hakuitikia salamu.

Nduwaro akala kweli, na kwa bahati yake akala mshipi wa Mwenyekiti. Samaki mkubwa, nahodha anasema hajaona wa namna ile kwa muda mrefu. Kwanza Mwenyekiti alicheka, akapiga mayowe, akataka apigwe picha. Halafu samaki akaanza kuzama na mshipi, kicheko kikakauka. Rangi ikamtoka usoni. Akageuza shingo, akamwambia Koleo: "Nishikie!"

Nishikie. Yaani chukua hii fimbo, nishikie. Koleo akamtazama mara moja kuhakikisha, Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa na fimbo akaisukuma mwenyewe kuelekea kwake. Koleo akaipokea. Mwenyekiti akaenda kukaa kwenye kile kiti cha wagonjwa, akanywa maji, akajimwagia mengine kichwani. Alipopata nafuu akairudia fimbo yake, akamaliza kazi, Koleo akaushika waya, samaki akapimwa ubavuni na kuachiwa aende zake. Wote wakapongezana.

Hakuna mwingine aliyesikia lile neno. Nahodha alikuwa juu na injini inanguruma. Katika wale marafiki, mmoja alikuwa ameinama anatapika, mmoja amelala, na wa tatu alikuwa anarekodi kwa simu. Simu yake ilinasa upepo mtupu, vuuu, tangu mwanzo hadi mwisho, na picha yenyewe ni ya mgongo wa Mwenyekiti na kipande cha mbingu.

Sasa, desturi ya mashindano ni kwamba boti ikifunga kamba, msimamizi anashuka gatini na kumuuliza baharia, si mgeni, swali moja mbele ya watu. Msimamizi ni mama mmoja wa makamo mwenye kofia pana. Akauliza kama kawaida yake: "Kuna mkono mwingine uliogusa fimbo?"

Koleo akajibu: "Wangu."

Basi. Angeongeza nini? Aliulizwa, akajibu. Mama yule akashukuru, akaenda zake, na nduwaro wa Mwenyekiti akafutika hapo hapo. Gati zima lilikuwa limekusanyika, maana habari za samaki yule zilishatangulia kwa redio ya boti.

Mwenyekiti akaiva uso. Kusema kwamba alichoka, akaomba kupumzika, asingeweza, wenzake wa chama wote wako pale wanatabasamu. Ndipo akapata njia. "Mimi nilisema nishike!" akapaza sauti. "Nishike! Nilikuwa nateleza, nikataka anishike mkanda. Huyu mzee wenu akaninyang'anya fimbo. Mnaajirije baharia kiziwi?"

Irabu moja! Mtu amepita shuleni, amepita vyuoni, anaendesha chama, halafu anajificha nyuma ya i moja. Nishike, nishikie. Na mbaya zaidi ni kwamba uongo wenyewe ulikuwa mtamu kuusikia, watu wakaanza kuurudiarudia wakicheka, nishike, nishikie, mpaka jioni wauza mafuta walikuwa wanataniana nao. Nilitamani kuwamwagia barafu wote.

Tajiri wa boti akamwita Koleo ofisini. Ofisi ni kibanda cha mbao chenye feni moja na meza iliyojaa makopo ya rangi, na mimi nilikuwa naingiza barafu kwenye friji lake, kwa hiyo nilisikia. Hakumgombeza. Laiti angemgombeza.

"Mzee wangu," akasema kwa upole, "mimi na wewe tunajua. Lakini yule bwana ana watu. Chama kizima kinakodi kwangu. Wewe sema tu hukusikia vizuri. Inakupunguzia nini? Neno tu. Akiondoka tunaendelea na kazi kama kawaida."

"Nilisikia, tajiri."

"Najua ulisikia. Sema hukusikia."

Koleo akanitazama mimi, mimi nikatazama friji. Halafu akatoka nje, akaenda pale alipokuwa amesimama Mwenyekiti na wenzake, akasema, "Samahani, bwana. Huenda sikusikia vizuri." Mwenyekiti akampigapiga begani, akasema yameisha.

Jioni dada yangu alipopata habari aliacha cherehani katikati ya mshono. Dada ni fundi wa kushona vifuniko vya viti vya boti, kwa hiyo watu hao wote anawajua kwa vipimo vya makalio yao. "Huenda?" akamuuliza mumewe. "Huenda ndiyo nini, Baba? Umewapa kisu cha kukuchinjia."

"Ni neno tu, mama."

"Na lile lake lilikuwa nini? Si neno tu?"

Koleo akaendelea kula. Dada akaenda jikoni, na kule nyuma ya ukuta, kwa sauti ndogo ambayo mimi niliyekaa mlangoni niliipata kwa shida, akasema, "Sijui kama majani ya chai yapo."

"Yapo nyuma ya sukari," Koleo akaitikia kutoka sebuleni.

Dada akarudi na sufuria mkononi, machozi yanamtoka. "Huyo ndiye kiziwi wao!" akaniambia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemtangaza.

Na haikupita wiki, yakatimia. Koleo alifika alfajiri kama kawaida, akakuta baharia mpya amevaa glavu zake. Tajiri akamtoa pembeni. Safari hii upole ulikuwa umepungua. "Mzee, kule nyuma ya boti panahitaji masikio. Mwenyewe umekiri mbele ya watu kwamba husikii. Ukipotea na samaki nitaieleza nini familia yako? Kaa uoshe boti, ni kazi nzuri, haina hatari."

Mwenyewe umekiri! Yule yule aliyemwomba akiri, kwenye kibanda chake, mbele ya friji lake! Sijawahi kuona mtu anafungwa kwa kamba aliyoombwa aishike kwa hisani. Nilimwambia tajiri hivyo hivyo, akanijibu kwamba barafu yangu siku hizi inayeyuka haraka, atatafuta mwingine. Bado hajampata.

Koleo akazunguka boti za jirani. Manahodha ni rafiki zake, wamekula naye, wamezikana naye. Lakini kila mmoja alipomwona alianza kuongea kwa kelele na kwa mikono, kama anayemwongoza dereva kurudi nyuma. "KOLEO! MASIKIO VIPI?" Mwingine alimshauri ajidondoshee mafuta ya vuguvugu. Mwingine alimwambia pole. Hiyo pole ndiyo iliyomuumiza, nilimwona. Alikuwa akirudi kwenye brashi yake na ndoo yake bila kumjibu mtu, na jioni mikono ile, iliyozoea kuvutana na samaki wazito kuliko yeye, inanuka sabuni ya maji. Alianza kunyamaza nyumbani. Watu wakasema, mnaona, hasikii. Kumbe mtu akinyamaza kwa uchungu naye ni kiziwi!

Halafu Mwenyekiti akarudi. Hakuwa na mashindano safari hii, ni matembezi tu na marafiki zake wale wale, wamevaa kofia mpya. Asubuhi hiyo dada alikuwa gatini ameleta vifuniko vya viti, amevibeba begani. Mimi nilikuwa na mkokoteni wangu. Koleo alikuwa amepiga magoti kwenye boti ya pembeni, anasugua.

Mwenyekiti akaangalia nyuma ya boti, akamwona baharia mpya. "Huyu nani? Koleo yuko wapi?"

"Yule masikio yamekwisha," tajiri akasema. "Si wewe mwenyewe ulimshuhudia?"

Mwenyekiti akaangua kicheko. "Masikio gani, bwana! Yule anasikia kuliko mimi na wewe. Nilimwambia nishikie, akanishikia. Yale yalikuwa mambo ya mashindano, yameshapita. Mwite, mimi sipandi na mwingine. Huyu mpya wenzangu wamesema alimwachia samaki wiki iliyopita."

Alisema hivyo hivyo, kwa raha zake, akijifungia vifungo vya jaketi. Mambo ya mashindano! Mtu ametolewa kazini, amesemeshwa kwa mikono na marafiki zake, mke wake amelia juu ya sufuria, na kwa huyu bwana yameshapita. Nilishika nyundo ya barafu nikaiweka chini tena, nikaona heri iwe mbali nami.

"Koleo!" tajiri akaita. "Njoo! Kuna safari!"

Koleo alikuwa hatua chache tu. Akasimama taratibu, akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Unasemaje, tajiri?"

"Mwenyekiti anakutaka! Anasema ulisikia sawa siku ile!"

"Sisikii. Aseme mwenyewe."

Mwenyekiti akacheka kidogo. "Mzee, nimesema nilikwambia nishikie. Twende, jua linapanda."

"Eeh?"

"Nilikwambia nishikie!"

Wauza mafuta wakaacha mpira wa mafuta. Nahodha wa boti ya tatu akatoa kichwa dirishani. Koleo akatikisa kichwa kwa masikitiko, kiganja bado sikioni. "Injini hizi, bwana. Zimeniharibu. Nani alisema nini?"

Na Mwenyekiti, kwa kukosa subira, kwa kuzoea kutiiwa, akavuta pumzi akaitoa sauti yake yote ya kufungulia mikutano: "NILICHOKA! NIKASEMA NISHIKIE! NISHIKIE FIMBO!"

Ilikwenda mpaka mwisho wa gati ikarudi. Hata wale wa mizani ya samaki walisikia. Mwenyekiti mwenyewe aliganda mdomo wazi, akiwa amechelewa kuusikia ukelele wake.

Koleo akashusha mkono. "Nimesikia," akasema.

Akatia brashi ndani ya ndoo, akaenda kwa baharia mpya, akanyoosha kiganja, akapewa glavu zake. Mimi ningekataa kupanda. Ningewaambia wote wakavuane wenyewe. Lakini mimi nauza barafu, na yeye anapenda kule nyuma ya boti kuliko anavyopenda kuwa na haki, kwa hiyo akapanda, akaanza kufunga chambo. Manahodha wakamwita mmoja mmoja kwa sauti ya kawaida, naye akaitikia kila mmoja. Hakuna aliyeomba radhi. Tajiri alijifanya anahesabu majaketi.

Wageni wakaanza kupanda. Zamu ya Mwenyekiti ilipofika, wimbi dogo likaisogeza boti, mguu mmoja ukabaki gatini na mwingine ndani, na katikati maji yakazidi kufunguka. Akatapatapa, akanyoosha mkono kwa Koleo.

"Nishike! Mzee, nishike!"

Koleo akamdaka mkanda kwa kiganja kimoja, akamweka ndani salama.

"Baba!" dada yangu akapiga kelele toka gatini, vifuniko begani. "Hapo ndipo ungesikia vibaya!"