Sweta la Baba Mkwe

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kumwagwa kwa marobota sokoni Sumbawanga, nilimnunulia baba mkwe sweta. Yeye na mama mkwe walikuwa wamekuja kwetu kutoka Mwimbi, na baridi ya mji wetu ilimfanya mzee ashinde jikoni, tukigombania moto. Lilikuwa sweta zito la bluu, limeshonewa kifuani herufi kubwa za njano: WIZARD. Sikuzisoma. Mimi nilikagua viwiko tu, kama havijatoboka.

Jumapili akalivaa kanisani. Tulipotoka, jirani yetu, mwalimu wa Kiingereza, akamwamkia, "Shikamoo, mzee," kisha macho yakamganda.

"Marahaba. Mbona unanitazama hivyo?"

"Mzee, hapo umeandikwa mchawi."

Alisema kwa sauti ya darasani. Watu wakarudi nyuma, mama mmoja akamvuta mwanawe. Na mji wetu unajulikana: hata jina lake, wazee husema, kwa Kifipa ni "tupa uchawi". Huwezi kuuvaa kifuani ukasalimika.

Mama mkwe akashika kichwa. Mwalimu, kuona amechafua hali ya hewa, akaanza kueleza: neno hilo limetokana na neno la Kiingereza la hekima, na zamani lilikuwa jina la mtu mwenye busara. Baadaye ndipo jina hilo likabandikwa wachawi, na siku hizi hata fundi hodari huitwa hivyo.

Baba mkwe akafikiri. "Basi mimi nisomeni kwa Kiingereza cha zamani."

Akakataa katakata kuliacha sweta lake. Mchana alipolivua na kujilaza, mama mkwe akachukua wembe, akaanza kufumua herufi. Alikuwa ameitoa ya kwanza tu mzee alipoamka na kumnyang'anya.

Jioni mwalimu akapita. "Hebu tazama, mwalimu," mama mkwe akamwomba, "sasa imebaki nini?"

Mwalimu akasoma: IZARD. Akaenda kwake kutazama kamusi, akarudi anacheka mpaka machozi. "Mama, sasa ni mbuzi. Mbuzi mwitu wa milimani, huko Ufaransa."

Mama mkwe akashusha pumzi. "Heri mbuzi."

Mzee akanuna mpaka ugali ukapoa. Lakini alirudi nalo Mwimbi, na kila aliyemuuliza kifuani pameandikwa nini, yeye alimjibu bila kupepesa, "Hekima. Imepungua kidogo tu."